Timu Iliyokataa Kuwaacha Wenzao

Katika majira ya vuli ya mwaka 1951, miaka sita tangu kwisha kwa Vita Kuu ya Pili, Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo kidogo cha mapadri Wajesuiti katika jimbo la California, Marekani, kilikuwa na timu ya kandanda ambayo hata leo hutajwa kwa taadhima. Kandanda yao si hii yetu ya miguu. Ni ile ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai, hushikwa na kurushwa kwa mikono, na auchukuaye hukimbia nao huku wapinzani wakimwandama ili wamwangushe chini.

Chini ya mwalimu wao Joe Kuharich, vijana hao walicheza mechi tisa na wakashinda zote. Ollie Matson, kijana mweusi mwenye mbio za ajabu, alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, akawapita wachezaji wote wa vyuo vya Marekani mwaka ule. Pamoja naye walikuwako Burl Toler, mweusi mwenzake, hodari wa ulinzi, Bob St. Clair, pandikizi la mtu, na Gino Marchetti, aliyewahi kupigana vitani Ulaya.

Ilikuwa desturi kwa timu bora kualikwa, msimu ukiisha, kwenye mechi kubwa za mwaka mpya zenye malipo mema, na kwa chuo hiki, ambacho timu yake ilikuwa ikikitia hasara, fedha hizo zilikuwa ndizo tumaini la mwisho. Lakini baadhi ya mechi hizo zilichezwa katika majimbo ya kusini, ambako sheria na mazoea viliwatenga weusi na weupe. Na kwa masimulizi ya wachezaji wenyewe, waliarifiwa kwamba mwaliko ungepatikana kwa sharti moja, nalo ni kuwa Matson na Toler wabaki nyumbani. Wakakataa kwa kauli moja.

Mwaliko haukuja, na chuo, kwa kulemewa na gharama, kikaivunja timu. Hata hivyo Matson alitwaa medali mbili za riadha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, kisha yeye, Marchetti na St. Clair wakaingizwa katika jumba la heshima la kandanda ya kulipwa. Toler, ambaye jeraha la goti lilimnyima kucheza, akawa mwaka 1965 mwamuzi wa kwanza mweusi wa ligi ya kandanda hiyo ya kulipwa, na tena mwalimu mkuu wa shule huko San Francisco.

Vijana wetu wa vyuoni na wanaowafunza michezo na waizingatie historia hii. Timu inayomtoa mwenziwe ili ipate kombe imekwisha kushindwa kabla ya firimbi kulia. Na hawa, waliokosa kombe kwa kushika insafu, ndio washindi wa haki.