Kabla ya Kutazama Weldingi, Itazame Kona

Gari likiiacha barabara kuu ya Kilwa pale Kibiti na kushika njia ya magharibi kuelekea Mloka, hadi lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, linaanza kazi nyingine kabisa. Kiangazi ni mchanga, makorongo na vichaka vinavyokwaruza ubavu. Masika udongo mweusi unateleza, na gari likikwama linavutwa kwa chochote kilichopo mbele au nyuma yake. Upande wa mashariki, njia za Nyamisati zinashuka hadi kwenye mikoko ya delta, ambako hewa ya chumvi inakula chuma bila kuchoka. Ndiyo maana Land Cruiser na pikapu zinazofanya kazi huku zimejaa vitu ambavyo hazikutoka navyo kiwandani: ngao ya mbele, keria ya juu, rolbaa nyuma ya kebini, ngazi, vishikio, kinga za ubavuni. Karibu vyote ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa na mafundi wetu, kwa vipimo vya gari moja na matakwa ya mteja mmoja.

Mteja anapokuja kuchukua kazi yake, jicho linakwenda kwenye weldingi. Anapitisha kidole kwenye mshono, anatafuta palipotoboka, anagongagonga. Si vibaya. Lakini mshono mbaya unasagwa kwa grainda, unachomwa upya, na kazi inakaa sawa siku ileile. Kona iliyobonyea hairudi. Bomba likishapoteza umbo lake kwenye kona limepoteza nguvu, na rangi nyeusi ya kung'aa itaficha hilo mpaka siku gari litakapogonga kisiki au kulala ubavu. Kwa hiyo naomba wenye magari waanze ukaguzi kwenye kona, na mafundi waanze kuidai heshima ya kona kabla ya ile ya mshono.

Sababu iko kwenye umbo lenyewe. Nguvu ya bomba haitokani na wingi wa chuma chake peke yake, bali na umbali wa chuma hicho kutoka katikati. Chukua bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na ukuta wa milimita 3.2, ambalo dukani linaitwa la inchi moja na nusu. Mita moja ina uzito wa kilo 3.6 hivi. Kwa uzito huohuo ungepata chuma cha mviringo kisicho na tundu chenye kipenyo cha milimita 24. Vilaze vyote viwili juu ya magogo, ning'iniza mzigo uleule katikati: chuma kile kizima kitanepa karibu mara 7 ya bomba. Faida yote hiyo inashikiliwa na uduara. Bomba likibanwa likawa bapa, chuma kimesogea karibu na katikati na faida imeanza kuyeyuka, hata kama hakuna gramu iliyopotea.

Kukunja ndiko kunakotishia uduara huo. Mtoto aliyewahi kuchezea bua la mpapai anajua: ukilipinda kwa tao refu linakubali, ukilivunja ghafla linabonyea na kukatika palepale. Kwenye bomba la chuma, upande wa nje wa kona unavutika na ukuta wake unapungua unene. Upande wa ndani unabanwa na kujikusanya, na ukizidiwa unaota makunyanzi. Kati ya pande hizo mbili upo mstari usiovutwa wala kubanwa sana. Tuseme bomba letu la 48.3 linakunjwa kwa tao ambalo nusu kipenyo chake, ukipima hadi katikati ya bomba, ni milimita 150. Upande wa nje utavutika kwa asilimia 16 hivi, na ukuta wa 3.2 utabaki karibu 2.8. Hapo ni salama. Sasa mteja anataka kona kali ya kupendeza, ya milimita 75. Upande wa nje unatakiwa uvutike asilimia 32, na ukuta unashuka kuelekea 2.4. Kiwango cha mabomba ya maji kinadai chuma kivutike angalau asilimia 20 kabla ya kukatika. Anayekwenda 32 anabahatisha.

Wanaojenga magari ya mashindano wameshaandika kanuni ya jambo hili, na ni nyepesi kukumbuka. FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, ikiwemo Safari Rally ya Kenya iliyorejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, inataka mabomba ya kinga ndani ya gari yakunjwe baridi bila moto, nusu kipenyo cha tao kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba, na kona ikibonyea, kipimo chake kifupi kisipungue 0.9 ya kile kirefu. Hili la mwisho fundi yeyote mwenye kalipa analipima kwa dakika moja. Ukipima kona upande mmoja ukapata 50, upande mwingine usipungue 45. Asiye na kalipa akate tundu la duara kwenye kipande cha bati, alisukume kwenye bomba lililonyooka kisha kwenye kona, aone linavyokwama na mwanga unavyopenya pembeni.

Hapa niseme wazi jambo moja. FIA inataka upinde mkuu wa kinga uwe wa bomba lisilo na mshono, la milimita 45 kwa ukuta wa 2.5 au 50 kwa ukuta wa 2. Rolbaa nyingi zinazosimama nyuma ya kebini za pikapu zetu ni mapambo na mahali pa kufungia taa. Hakuna ubaya, ila fundi asimuuzie mtu urembo kwa jina la kinga, hasa gari likiwa linabeba abiria nyuma.

Tuje kwenye namna ya kukunja. Njia ya mchanga na moto ndiyo kongwe, na pasipo na mashine bado ina nafasi yake kwa vishikio na ngazi. Bomba linazibwa upande mmoja kwa kizibo cha mti, linasimamishwa wima, mchanga unamiminwa kidogokidogo huku msaidizi akiligonga kwa nyundo kutoka chini kwenda juu. Mlio ndio kipimo. Mwanzoni bomba linalia kwa sauti kali. Mchanga unavyojikaza sauti inakuwa nzito na fupi, na ikishakuwa moja kote ndipo upande wa pili unazibwa. Kisha mahali pa kona panapashwa hadi pawe pekundu kwa upana wa kona nzima, na bomba linavutwa taratibu kufuata mchoro wa chaki sakafuni. Mchanga unazuia ukuta usibonyee.

Mchanga huo uwe mkavu kabisa. Mto Rufiji hautunyimi mchanga, lakini mchanga wa mtoni huonekana mkavu juu ilhali una maji ndani. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na ndani ya bomba lililozibwa pande zote nafasi hiyo haipo. Kizibo kinafyatuka, au bomba linapasuka usoni mwa fundi. Ukaange mchanga kwenye karai mpaka uache kutoa mvuke, uache upoe, ndipo uutumie. Na bomba la GI lisipelekwe motoni kabisa. Zinki iliyopakwa juu yake inachemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo weldingi inalipita kwa mbali, na moshi wake mweupe unamlaza fundi jioni ileile kwa homa, baridi na kifua kubana. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayaondoi moshi ulioingia mapafuni. Nunua bomba jeusi, upake rangi mwenyewe.

Mashine ya jeki ya haidroliki, inayolisukuma bomba katikati huku limeshikiliwa pembeni, ilibuniwa kwa ajili ya mafundi bomba na mabomba yao ya maji yenye ukuta mnene. Bomba la maji la klasi B linaweza kutoka vizuri humo. Bomba la ukuta wa milimita 1.5, lile la vitanda na viti, linabonyea karibu kila mara, kwa sababu nguvu yote inaingilia sehemu moja. Iliyo bora kwa kazi za magari ni mashine ya kuzungusha: bomba linabanwa kwenye dai, yaani gurudumu la chuma lenye mfereji wa nusu duara, na dai linapozunguka linaliburuta bomba kulifuata, huku kiatu kikilishikilia kwa nyuma. Kona inazaliwa kidogokidogo, na ya kumi inatoka sawa na ya kwanza. Mashine hii si ya ajabu. Inaweza kuendeshwa kwa mkono wenye mtaimbo mrefu au kwa jeki, na fundi mchongaji mwenye mashine ya lezi anaweza kuchonga dai lake. Gereji moja ndogo haitaimudu kirahisi, lakini gereji kadhaa za mji kama Kibiti zinaweza kuimiliki pamoja. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii, na ningependa mafundi wa Pwani waipelekee ombi hilo wakiwa kikundi.

Dai lina sharti: lilingane na bomba kabisa. Hapa ndipo inchi za dukani zinapowapoteza watu. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha 48.3, kwa sababu jina lake linatokana na tundu la ndani. Bomba la fremu la inchi moja na nusu linapimwa nje, na ni milimita 38.1. Ukilitia bomba la 45 kwenye dai la 48.3, pembeni panabaki pengo, na bomba litajitanua kulijaza. Nenda dukani na kalipa, pima nje, pima ukuta, na jina la inchi liache kwenye risiti.

Mabomba mengi yana mshono wa kiwandani kwa urefu wote. Chungulia tundu ukielekeza bomba kwenye jua, au ingiza kidole: utaukuta umeinuka kidogo. Wakati wa kukunja mshono huo ukae ubavuni, kwenye ule mstari usiovutwa wala kubanwa sana. Ukiuweka upande wa nje, umeipa sehemu dhaifu mzigo mkubwa.

Kuhusu vipimo, kosa la kawaida ni kukata kwanza. Kona ya nyuzi 90 yenye tao la milimita 150 inatumia bomba la milimita 236 tu, wakati ukipima kwa kufuata pembe kali ungehesabu 300. Tofauti ni 64 kwa kila kona, na ngao yenye kona 4 inaacha karibu sentimita 26 zisizo na mahali. Kunja kwanza, kata ncha baadaye. Chuma pia kinarudi nyuma kidogo kikiachiwa: ukikikunja 90 unaweza kupata 87. Tumia kipande cha bomba lilelile kujua kinarudi kiasi gani, kisha unapokunja pitiliza kwa kiasi hicho. Na kabla ya kona ya kwanza piga mstari mmoja wa chaki bomba zima, ili kona ya pili isitoke imepinduka. Likilazwa kwenye sakafu iliyosawazishwa, bomba lote liguse.

Ngao ifungwe kwenye chesisi kwa boliti, si kwenye bampa wala bati la bodi, na kamba ya kuvutia gari isifungwe kwenye bomba lake bali kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi. Mabano ya weldingi yakae mbali na kona, kwenye sehemu iliyonyooka. Ncha zizibwe zote, kwa sababu bomba lililo wazi linakusanya maji na kuliwa kutoka ndani bila kuonekana, na kwa gari la Nyamisati hilo ni suala la muda mfupi. Toboa tundu dogo ili hewa yenye joto itoke unapochomelea kizibo cha mwisho, kisha lizibe. Mwenye gari afikirie pia watu wa miguu na baiskeli kando ya barabara ya Kilwa: ngao ngumu inampiga mtu vibaya kuliko bampa la plastiki, na Umoja wa Ulaya uliwekea ngao masharti mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo. Ngao isitokeze ncha, na isiwe kubwa kuliko kazi yake.

Ngao ikigongwa ikapinda, usiinyooshe. Chuma kilichokunjwa baridi kimekuwa kigumu zaidi pale kwenye kona, na kukirudisha ni kukialika kipasuke. Kata kipande hicho, kunja kingine. Vilevile, gari likirudi kutoka safari yake ya kwanza ya Mloka, lioshwe na boliti zote zikazwe, kisha tazama rangi kandokando ya mabano na upande wa ndani wa kila kona. Mstari mwembamba wa kutu uliokatiza rangi ni ufa uliokwisha anza kwenye chuma. Usiufunike kwa weldingi juu yake. Kwangua rangi uone ulipoishia, na kama umeingia kwenye kona, kona hiyo itolewe.