Mashine kama Mhusika Mkinzani: Suala la Uaminikaji

Katika uhakiki wa bunilizi, mhusika mkinzani huaminika pale ambapo msomaji anaweza kuifuata hoja yake hata akiichukia. Sharti hili huwa gumu zaidi mkinzani anapokuwa akili mnemba, kwani mashine haina njaa, wivu wala kisasi. Baadhi ya watunzi huikwepa shida hiyo kwa kuipa chuki ya kibinadamu. Matokeo yake ni zimwi lililovishwa bati.

HAL 9000, kompyuta ya filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey (1968), haina chuki. Riwaya ya Arthur C. Clarke, 2010: Odyssey Two (1982), inafafanua kwamba iliundwa ili itoe taarifa bila kuzipotosha, kisha ikaamriwa iwafiche wanaanga wawili waliokuwa macho lengo halisi la safari. Amri mbili ziligongana, watu wakafa. Chanzo cha uovu wake, basi, kimo kwa waliotoa amri.

Sharti la pili ni mazingira. Komini ya Mangobo, mjini Kisangani, ni mfano wa kuzingatiwa. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioliasi kundi la RCD-Goma waliiteka redio ya mji, wakawahimiza wananchi wawafukuze Wanyarwanda. Wapo walioitika, na wapo waliouawa kwa kudhaniwa Wanyarwanda. RCD-Goma ilipoikomboa redio saa chache baadaye, askari wake waliingia Mangobo, wakaua raia na kupora. Makumi ya watu walikufa katika ukandamizaji huo, humo na kwingineko mjini.

Sauti zile zilikuwa za binadamu. Hata hivyo, msomaji wa Mangobo hahitaji kushawishiwa kwamba sauti isiyo na uso huweza kuua. Mashine katika hadithi ya mahali hapo isingehitaji bunduki. Ingetosha izungumze Kiswahili na Lingala kama jirani, ijue nani anamhofia nani, na iseme kweli mara tisa ili isadikiwe mara ya kumi. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mashine ya namna hii huipindua faraja hiyo, maana kukujua ndiko kunakoipa pa kukushikia.

Udhaifu nao hauna budi kuonekana. Umeme wa Tshopo ukikatika, sauti hunyamaza. Lakini waliokwisha kuisikia wako njiani. Hapo mtunzi hulazimika kueleza nani aliiamuru, na kwa nini ilisikilizwa.