Mtoto Aliyesikia Milio ya Risasi

Leo tunazungumza juu ya jeraha ambalo halionekani kwa macho: mshtuko anaoupata mtoto baada ya kuona au kusikia watu wakipigwa risasi.

Tuanze na tukio ambalo Nairobi nzima inalikumbuka. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, muda mfupi baada ya saa sita mchana, watu wanne wenye bunduki na gruneti waliingia katika jumba la maduka la Westgate, Westlands. Ndani yake kulikuwa na supamaketi kubwa ya Nakumatt, na siku hiyo ilikuwa imejaa familia zilizokuja kununua bidhaa. Juu, kwenye maegesho ya magari, kulikuwa na mashindano ya watoto ya mapishi. Watu 67 waliuawa, wakiwemo watoto. Kundi la al-Shabaab lilisema ndilo lililotekeleza shambulio hilo.

Pengine unajiuliza: sisi tunanunua sukuma kwa mama mboga na unga kwa kioski, Westgate inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kina mama wengi wa Kawangware na Kibera huenda kila asubuhi Westlands, Lavington na Kileleshwa kufua, kupika na kufagia. Waume na ndugu zetu ni mabawabu na wauzaji madukani huko. Tena hapa kwetu milio ya risasi si ngeni. Tuliisikia mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, tukaisikia tena mwaka wa 2017.

Polisi walifanya nini?

Ni vizuri tujue jambo hili, kwa sababu linatufundisha namna ya kuwaandaa watoto. Waliokuwa wa kwanza kuingia Westgate kuokoa watu walikuwa polisi wachache, wengi wao wakiwa wamevaa nguo za kiraia, pamoja na raia wenye leseni za bunduki. Kikosi maalum cha Recce cha GSU kiliingia baadaye alasiri, kisha wanajeshi wakafika. Vikosi hivyo havikuwa na mawasiliano ya pamoja, na afisa mmoja wa Recce aliuawa kwa risasi ya wenzake. Rais alitangaza kwamba shambulio limekwisha jioni ya tarehe 24 Septemba, siku ya nne.

Tarehe 15 Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliyoko Riverside iliposhambuliwa, vikosi vilifika upesi zaidi na kufanya kazi kwa mpango mmoja. Watu 21 waliuawa, lakini mamia waliokolewa, na asubuhi ya siku iliyofuata mambo yalikuwa yamekwisha.

Sasa fikiria mtoto aliyejificha chini ya meza. Anamwona mtu mwenye bunduki, hana sare. Ni adui au ni mwokozi? Hata mtu mzima hawezi kujua. Ndiyo sababu tunawasihi wazazi waache kuwatisha watoto kwa kusema, "Nyamaza, nitaita polisi wakupeleke." Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo atamkimbia hata yule anayekuja kumtoa hatarini. Badala yake mfundishe: kaa karibu na mtu mzima unayemjua, nyamaza, na mkiambiwa mtoke, toka polepole mikono ikionekana, bila kitu chochote mkononi.

Risasi zikisikika karibu na nyumbani

Usitoke nje kutazama. Mwezi wa Agosti 2017, mtoto wa kike aliuawa kwa risasi huko Mathare akiwa kwenye roshani ya ploti yao. Ondoa watoto mlangoni na dirishani. Walale chini kifudifudi. Kumbuka kwamba mabati hayazuii risasi, wala ukuta wa udongo hauna hakika. Kama kuna ukuta wa mawe, walale nyuma ya huo. Zima stovu au jiko, kwa maana likipinduka nyumba zitashika moto. Mtoto mchanga mbebe kifuani umnyonyeshe, atatulia.

Mtu akijeruhiwa na damu inatoka kwa wingi, chukua kitambaa safi, hata leso, ukandamize jeraha kwa nguvu. Usifunue kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kukandamiza. Usitie majivu, mafuta ya taa wala majani ya chai. Usijaribu kuitoa risasi. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Mlaze, mfunike apate joto, na mtafute njia ya kumfikisha hospitalini haraka.

Dalili za mshtuko kwa mtoto

Baada ya kelele kwisha, mwili wa mtoto hubaki ukingojea hatari nyingine. Moyo hupiga mbio na usingizi hukatika. Si ukaidi, wala si mapepo. Tazama dalili hizi:

Mtoto wa chini ya miaka mitano hulia ovyo, hukung'ang'ania usiende hata chooni, au huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha.

Mtoto wa shule ya msingi huota ndoto mbaya, hulalamika tumbo au kichwa, hukataa shule, au hucheza mchezo wa kupigana risasi kila siku.

Kijana hukasirika upesi, hujitenga, huacha masomo, au huanza kunywa pombe na kuvuta bangi.

Dalili hizi ni za kawaida katika wiki za kwanza, na kwa watoto wengi hupungua zenyewe wakipata utulivu.

Mlezi afanye nini?

Kwanza, rudisha mazoea ya kila siku. Uji kwa saa ile ile, shule, kuoga, kulala. Mtoto akiona mambo ni yale yale, anaamini kwamba hatari imepita.

Pili, mruhusu aseme. Usimwambie, "Wewe ni mwanaume, wanaume hawalii." Akitaka kuchora badala ya kusema, mpe karatasi. Asipotaka kusema, usimlazimishe.

Tatu, mwambie ukweli kwa maneno machache. Kama mtu amekufa, usiseme "amesafiri" au "amelala." Mtoto atangoja msafiri arudi, au ataogopa kulala.

Nne, zima redio na televisheni zinaporudia habari hizo, hata kama ni sisi mnaotusikiliza. Mtoto mdogo akiona picha ile ile mara kumi, anadhani watu wameuawa mara kumi. Picha za maiti kwenye simu zisimfikie kabisa.

Tano, usimfundishe chuki. Baada ya Westgate, wako waliowanyooshea kidole majirani Waislamu na Wasomali. Lakini Waislamu pia walikufa pale, na Waislamu pia waliokoa watu. Mtoto anayeambiwa amwogope jirani wa mlango wa pili hawezi kupona hofu yake.

Sita, jitunze wewe mlezi. Mtoto husoma uso wako. Kama mikono yako inatetemeka na huli, zungumza na mwenzako wa chama, wa kanisani au wa msikitini. Mama anayenyonyesha asiogope: mshtuko hauharibu maziwa. Huenda yakachelewa kushuka, lakini endelea kunyonyesha.

Lini utafute msaada?

Mwezi ukipita na dalili hazijapungua, au mtoto akiacha kula, akinyamaza kabisa, au akisema anataka kufa, usingoje. Akisema neno hilo la kufa, mpeleke siku hiyo hiyo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe kuonana na mshauri. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambako unaweza kuzungumza na mshauri. Zote mbili hupigwa bila malipo. Kwa dharura ya polisi, piga 999 au 112.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tunawaambia nini watoto wetu kuhusu polisi, na maneno hayo yanaweza kuwadhuru vipi siku ya hatari?
2. Katika ploti yenu, ni mahali gani pana ukuta wa mawe ambapo watoto wanaweza kulala chini?
3. Ukiwa kazini na risasi zikisikika mtaani, nani atawashika watoto wako?

Swali hilo la tatu lijibuni leo jioni, kabla hamjalala.