Gari Kuukuu Lenye Matunzo

Akaaye Ipogolo, chini ya mwinuko wa kuingilia mji wa Iringa, naye akataka kununua gari lililokwisha kutumika, asihadaike na rangi ing'aayo, bali aliwashe injini ikingali baridi, alipandishe mlima ule, kisha atazame kwa hadhari: moshi wa buluu ni dalili ya injini inayounguza oili, na mshale wa joto ukipanda kupita kiasi, yamkini rejeta imeziba. Aidha, fundi amwaminiye alikague uvunguni, na jina lililo katika kadi ya gari liwe ndilo la muuzaji. Akiisha kulimiliki, abadili oili kwa wakati, na katika mteremko atumie gia nzito, breki zisije zikaungua. Hakika gari kuukuu lililotunzwa ni aula kuliko jipya lililopuuzwa.