Bomba Jembamba Haliongezi Presha

"Mhandisi, tukishusha bomba la kutoka kwenye tangi kutoka robo tatu hadi nusu inchi, presha si itapanda?" Haipandi. Swali hili naulizwa na wenye nyumba na, linaloniuma zaidi, na mafundi bomba wenyewe.

Maji yakiwa yametulia, presha yake hutokana na kimo cha tangi tu: kila mita 10 ni takriban baa moja, bomba liwe nene au jembamba. Yakianza kutembea, msuguano hula sehemu ya kimo hicho. Kuijua sehemu hiyo, chukua kizigeu cha msuguano, zidisha kwa urefu wa bomba, gawanya kwa kipenyo cha ndani, zidisha kwa mraba wa kasi, kisha gawanya kwa 19.6. Mraba wa kasi ndio unaoumiza.

Tuseme bomba laini la plastiki, mita 30, lipitishe lita 0.3 kwa sekunde. Kipenyo cha ndani kikiwa milimita 20, kizigeu ni karibu 0.027 na unapoteza mita 1.9. Kikiwa milimita 15, kizigeu chenyewe kinashuka hadi 0.025, lakini hasara inaruka hadi mita 7.4. Kama tangi liko mita 6 juu, lita hizo hazifiki kamwe!

"Mbona nikibana mdomo wa mpira kwa kidole maji yanaruka mbali?" Kwa sababu umepunguza maji yanayopita, msuguano ndani ya mpira umepungua, na presha iliyosalia inageuka kasi pale mdomoni. Kinga ndoo uone inavyochelewa kujaa. Tena hapo umebana mdomo tu, hukubana mita 30 nzima.

Anayekokotoa kizigeu: tafuta kwanza namba ya Reynolds (kasi mara kipenyo cha ndani, gawanya kwa mnato kinematiki wa maji). Ikiwa chini ya 2,000, gawanya 64 kwa namba hiyo. Ikizidi 4,000, tumia mlinganyo wa Colebrook wa 1939 au chati ya Moody ya 1944. Ikizidi 5,000, ule wa Swamee na Jain wa 1976 hukupa jibu bila kurudia-rudia. Ukwaruzi wa kuingiza humo ni milimita 0.0015 kwa plastiki, 0.15 kwa chuma kipya kilichopakwa zinki. Kizigeu cha Fanning ni robo ya hiki tulichotumia, kiitwacho cha Darcy, usivichanganye.

Mwenye nyumba: njia kuu iwe robo tatu au inchi moja, nusu inchi ibaki kipande kifupi cha kuingia kwenye koki. Punguza kona, fungua valvu mpaka mwisho, ng'oa chuma kilichooza kwa kutu. Bado maji ni dhaifu? Pandisha tangi au funga pampu.