Mwili wa Milimani Ukihamia Ufukweni

Wazungu wanaoota kuhamia Jamaika au Barbados, na Waswahili wanaoota kuhamia Mafia au Unguja, huota picha ileile: mchanga, minazi, upepo, na samaki wa kuchoma jua linapozama. Mtu wa Litembo, kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, haipati picha hiyo kwa pasipoti wala tiketi ya ndege. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, sasa zote za lami, na mwishoni mwake liko Ziwa Nyasa, lenye maji maangavu, mawe makubwa yaliyochomoza majini na mbasa sokoni. Tangu Nyasa iwe wilaya mwaka 2012, wanaoteremka wameongezeka: walimu na wauguzi waliopangiwa vituo, wafanyabiashara wa dagaa, mafundi wa bandari mpya inayojengwa, na wastaafu waliochoka na baridi ya Umatengo.

Wengi wao hufanya hesabu ya kiwanja, mabati na nauli. Sijamsikia hata mmoja anayelifanyia hesabu ini, kibofu au damu yake. Nami kama mtu wa afya nasema hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Kitambulisho cha Nida kinakutambua kuwa Mtanzania wa mkoa wa Ruvuma, lakini mbu na konokono wa ziwani wanakupokea kama mgeni, sawa na Mzungu aliyeshuka jana.

Tuanze na homa. Makazi mengi ya Umatengo yako kwenye kimo cha mita 1,400 hivi au zaidi, ilhali uso wa ziwa uko mita 474 juu ya usawa wa bahari. Hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6 kila unapoteremka mita 1,000. Tofauti hiyo kwako ni kuvua koti tu. Kwa kimelea cha malaria, ni uhai au kifo. Kimelea kikiingia kwenye tumbo la mbu hakiwi tayari papo hapo kuambukiza mtu mwingine. Sharti kikomae kwanza, na kasi ya kukomaa inategemea joto. Nyuzi 25 zinakikomaza kwa siku 12 hivi. Nyuzi 20 zinahitaji karibu siku 28, na zikishuka chini ya 16 hakikomai kabisa. Mbu wengi hawafikishi mwezi mmoja. Kwa hiyo huko juu, mara nyingi mbu hufa na mzigo wake ukiwa mbichi, na huku chini hupata muda wa kutosha wa kuufikisha. Sisemi kwamba malaria haiko milimani. Ipo, hasa mabondeni na baada ya mvua. Lakini mtoto wa Litembo huumwa na mbu wenye vimelea mara chache mno akilinganishwa na mtoto wa Liuli au Lituhi kule ufukweni.

Hapo ndipo jambo linapogeuka. Mtoto wa Liuli, akivuka salama miaka yake ya kwanza, mwili wake hujifunza. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa na vimelea damuni na bado akavuta nyavu usiku kucha bila hata kuumwa kichwa. Kinga hiyo haiko kwenye ukoo. Hujengwa kwa maambukizi ya mara kwa mara kwa miaka, na hufifia mtu akiondoka. Mwenyeji aliyekaa Njombe au Iringa kwa miaka kadhaa akirudi nyumbani hurudi akiwa nusu mgeni. Na mtu mzima wa milimani, mwenye kifua kipana na afya ya kulima mashimo ya ngoro kutwa nzima, anaweza kulazwa na malaria kali iliyompita jirani yake mwembamba. Mjamzito kutoka juu yuko hatarini zaidi. Asisubiri kufika ndipo aanze kliniki. Aanze kabla, achukue chandarua chake na dozi zake za SP za kuzuia malaria kama atakavyoelekezwa.

Babu zetu walielewa kimo kwa namna yao. Katika karne ya 19 Wamatengo walipanda milimani kuwakimbia Wangoni, wakajificha kwenye mapango ya Litembo, wakabanana kwenye miteremko, na ngoro ikawalisha. Walikuwa wakikimbia mikuki. Bila kujua, wakawa wameiacha chini pia sehemu kubwa ya malaria, na kizazi baada ya kizazi wakakulia mahali ambapo mwili hauna somo la kutosha la ugonjwa huo. Anayeshuka leo anairudia njia hiyo kwa upande wa pili.

Miongoni mwa wageni waliohamia ziwani humu kwa hiari walikuwa wamisionari Waanglikana wa UMCA, walioweka makao yao kisiwani Likoma mwaka 1885. Likoma ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Msumbiji, na hadi leo ni cha Malawi kwa sababu ya misheni hiyo. Waliona usalama wa kuzungukwa na maji. Wengi wao homa iliwamaliza, na Askofu Chauncy Maples akazama na mashua yake katika dhoruba mwaka 1895. Lakini William Percival Johnson alizunguka vijiji vya ufukweni karibu nusu karne, akiwa karibu kipofu, akafia Liuli mwaka 1928. Ukisoma habari zao utaona kwamba hawakushindwa na mamba wala uchawi. Walishindwa na vitu vidogo wasivyovitazama, hadi walipozoea wavu wa mbu na kwinini.

Sasa maji. Mgeni hutazama mawimbi na kuogopa kuzama. Aogope, lakini ajue kwamba ugonjwa wa ziwa hili hauko kwenye kina, uko magotini. Kichocho huanza kwa mtu kukojoa majini. Mayai ya minyoo huanguliwa, vijiminyoo vikatafuta konokono wa jamii ya Bulinus, vikazaliana ndani yake, kisha vikatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Hutoka zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa zilezile ambazo mgeni huona maji yamependeza. Dakika chache zinatosha kuipenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea.

Kwa muda mrefu watu wa utalii upande wa Malawi waliwaambia wageni kwamba fukwe za wazi zenye mchanga ni salama, kwa hoja kwamba konokono hupenda matete na maji yaliyotulia. Hoja hiyo ilivunjika kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani waliokuwa Malawi kwa kazi za kujitolea walipata kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu, baada ya kuogelea Cape Maclear kusini mwa ziwa. Wageni wakazi walipopimwa damu, karibu theluthi moja walikutwa na ushahidi wa maambukizi. Watafiti wakagundua kwamba yupo konokono mwingine, Bulinus nyassanus, anayeishi mchangani kabisa kwenye fukwe za wazi, naye hubeba kichocho.

Kwa nini konokono huyo aongezeke wakati huo? Jibu lililopendekezwa linawahusu wavuvi. Katika ziwa hili yupo samaki aitwaye Trematocranus placodon, mwenye meno kooni ya kusagia magamba, na chakula chake ni konokono. Kokoro na nyavu za macho madogo zilimvua kwa wingi kwenye maji ya kina kifupi, na konokono wakapata nafuu. Hapa nina ugomvi na mtindo ninaoujua kwenye maziwa yetu, wa kuvulia dagaa kwa chandarua cha kujikinga na mbu. Kaya inalala wazi kwa mbu, na ziwa linapoteza vifaranga vya samaki walaji wa konokono. Kitambaa kimoja, hasara mbili.

Mwenyeji aliyeogelea tangu utotoni mara nyingi huona damu kwenye mkojo bila homa yoyote, na vijana wengine huichukulia kama hatua ya kukua. Mgeni ni tofauti. Wiki tatu hadi nane baada ya kuogelea mara ya kwanza anaweza kupata homa kali, kikohozi, uchovu na vipele vya kuwasha. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya taifodi, hapati nafuu. Mwili wake unapambana na minyoo michanga ambayo haijawahi kuiona, na mkojo bado hauonyeshi mayai kwa sababu hayajaanza kutagwa. Neno moja tu la mgonjwa, kwamba alihamia ziwani na kuoga majini, lingemfungua macho tabibu.

Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inaua minyoo iliyokomaa vizuri. Michanga huiponyoka. Ndiyo maana aliyeambukizwa karibuni hupewa dozi baada ya wiki kadhaa au kurudiwa, na anayeendelea kuingia majini ataambukizwa tena. Kampeni za kingatiba huwafikia watoto shuleni zaidi kuliko mama anayefua ufukweni kila siku. Mama huyo, mayai yakinasa kwenye shingo ya kizazi, hutoka damu na kupata maumivu, na mara ngapi ametibiwa magonjwa ya zinaa na kurudi nyumbani kwenye ugomvi na mumewe! Ukihamia ziwani na mke au dada, lijue hilo kabla hujamshuku mtu.

Huko Karibi kwenyewe, zilipo Jamaika na Barbados, yapo mafunzo. Kichocho cha tumbo kilifika visiwani humo katika miili ya Waafrika waliouzwa utumwani, kikamkuta konokono anayekifaa. Kichocho cha kibofu, hiki chetu cha Nyasa, kilisafirishwa pia, lakini hakikupata konokono wake na hakikuota. Kisiwani Saint Lucia, kuanzia mwaka 1965 hadi 1981, Wakfu wa Rockefeller uliendesha utafiti uliolinganisha mabonde: moja waliua konokono, jingine waliwapa watu dawa, jingine walileta maji ya bomba majumbani na sehemu za kufulia na kuogea. Dawa ilishusha ugonjwa haraka na kwa gharama ndogo. Maji ya bomba nayo yalipunguza maambukizi, kwa kuwa watu hawakuwa tena na haja ya kwenda mtoni. Kwa anayejenga Mbamba Bay somo ni la moja kwa moja: choo na maji ya nyumbani vitangulie veranda ya kutazama machweo. Maji ya ziwa ya kuoga yaliyochotwa na kuachwa kwenye ndoo yenye kifuniko, bila konokono ndani, kwa siku mbili, hayana tena vijiminyoo hai. Ya kunywa yachemshwe.

Jambo la tatu liko jikoni, na hili hata watu wa afya hulisahau. Mtu wa Litembo amekulia ugali wa mahindi na maharage. Ufukweni ugali wa kila siku kwa wengi ni wa muhogo, na muhogo mchungu una sumu ya sianidi isiyotoka kwa kupikwa tu. Wenyeji wana utaratibu wa kuloweka na kuanika kwa siku kadhaa. Mwaka wa ukame sumu huzidi kwenye muhogo, njaa huwafanya watu wafupishe utaratibu, na mboga hupungua. Hapo huja konzo: miguu kukakamaa ghafla, usiku mmoja tu wakati mwingine, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Hii si habari ya Kongo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wetu, akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walikuta wagonjwa wa konzo Mtwara na katika wilaya ya Mbinga ya wakati huo.

Njia iliyofundishwa vijijini baada ya hapo ni nyepesi. Unga wa muhogo unachanganywa na maji hadi uloane, unatandazwa tabaka jembamba kwenye ungo au mkeka, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke na hewa, kisha unasongwa ugali siku hiyohiyo. Na usiuache mfuko wa maharage uliotoka nao nyumbani. Maharage na samaki huupa mwili viini vya salfa vinavyohitajika kuivunja nguvu sianidi. Mgeni anayekula ugali wa muhogo kwa mchicha mtupu wiki nzima, akibana matumizi hadi mshahara utoke, anajihatarisha.

Kuhusu wakati wa kuhama, ningechagua Juni au Julai. Mvua zimekatika, mbu wamepungua, na mwili unapata miezi michache ya kuzoea kabla ya mvua kurudi. Tatizo ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya kusi, upepo ambao ndugu zetu wa Malawi huuita mwera, na ziwa huchafuka kwelikweli. Vyombo basi visafirishwe kwa lori, visipandishwe mtumbwi. Ukiona wingu kama moshi likisimama juu ya maji, usishtuke. Ni vinzi wa ziwani waitwao kungu, hawaumi, na ng'ambo hukandwa wakawa mikate ya kuliwa. Wasumbufu wa kweli huja usiku bila wingu lolote, wakati umeacha chandarua kwa sababu ya joto.

Kwa hiyo ndugu unayefunga mizigo: katika miezi mitatu ya kwanza, mtu yeyote wa nyumbani kwako akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe, na kabla hajaulizwa lolote amwambie tabibu mambo mawili, kwamba ametoka milimani na lini aliingia ziwani.