Maneno ya Kuonyesha Katika Kiingereza

Mtu akiandika barua dukani kwa Kiingereza kutaka apelekewe magunia ya mbegu, naye akaandika "that bags," mwenye duka hushindwa kuelewa. Neno la kwanza lasema gunia ni moja, la pili lasema ni mengi. Wakiandikiana tena kuulizana, huenda mvua za kupandia zikapita.

Maneno ya kuonyesha ya Kiingereza ni manne tu. "This" ni la kitu kimoja kilicho karibu, na wingi wake ni "these", "that" ni la kitu kimoja kilicho mbali, na wingi wake ni "those." Mtu, mti, kisu na nyumba, vyote hutumia "this," kwa kuwa Kiingereza hakina ngeli kama Kiswahili. Hapo mwanafunzi amepunguziwa kazi. Tena Kiswahili kina huyu, huyo na yule, lakini Kiingereza kina hatua mbili tu, basi huyo na yule mara nyingi hufasiriwa kwa "that." Zamani Waingereza walikuwa na neno la tatu, "yon," ambalo siku hizi husikika kwa nadra, hasa huko Scotland.

Taabu hasa imo katika umoja na wingi, maana lugha hizi mbili hazihesabu vitu kwa namna moja. Mswahili husema maji haya, maziwa haya, fedha hizi na habari hizi. Mwingereza huvihesabu vyote hivyo kuwa umoja: "this water," "this milk," "this money," "this news," ingawa hilo la mwisho lina herufi s inayowadanganya wengi. Kinyume chake, suruali hii, hata ikiwa moja, ni "these trousers," na mkasi huu ni "these scissors," kwa sababu ya pande zao mbili. Watu hawa ni "these people."

Yafaa pia kusikiliza matamshi: "this" hutamkwa kwa ufupi, bali "these" huvutwa na kuishia kwa sauti ya z.

Kosa jingine latokana na kufasiri neno kwa neno. Yule ndugu yangu si "that my brother," bali "that brother of mine." Na katika simu, desturi ya Waingereza ni mtu kujitaja kwa kusema "this is," kisha jina lake, ijapokuwa kwa Kiswahili mtu akijiita "huyu" atachekwa.